Hakuna Shida, Daktari

Anyango alimjua Obura kwa sababu ya hindi ambalo halikuiva. Wakati huo alikuwa msichana anayechoma mahindi kando ya barabara kuu pale Gilgil, na Obura alikuwa kijana wa kupakia magunia katika kiwanda cha unga mjini Nakuru, akipita hapo na malori ya unga. Mvua ilikuwa imelowesha makaa, na hindi alilomuuzia lilikuwa jeusi nje na maji matupu ndani. Obura alisimama palepale akalila lote mpaka kigunzi. "Asante, dada, liko sawa kabisa," akasema, akaenda zake. Anyango akaonja lingine la moto uleule, akatema. Alicheka mpaka wenzake wakamuuliza kulikoni. Obura alipopita tena, alimchagulia hindi zuri kuliko yote, na kutoka hapo wakaanza kuzungumza.

Walioana, wakaishi Nakuru, mtaa wa Free Area, wakampata binti mmoja, Lynn. Anyango alinunua mashine ya kufuma akawa anatengeneza sweta za shule nyumbani. Obura alipanda kutoka magunia hadi kusimamia mashine. Baba yake, aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote, alikuwa amemlea kwa amri moja: mkubwa akikuuliza, jibu ndiyo, halafu urudi kazini. Obura alishika amri hiyo kama wengine wanavyoshika dini. Kuna siku mkanda wa mashine ulimkata ncha ya kidole. Alikifunga kwa kitambaa, akamaliza zamu yake, kisha akamwambia msimamizi kwamba kidole "kimeguswa kidogo". Akipewa chai isiyo na sukari hotelini, anakunywa. Mtu akimkanyaga, yeye ndiye anayeomba msamaha.

Anyango alimpendea hayo kwa miaka mingi. Mtu mpole hivyo hupatikana wapi? Lakini zilikuwepo siku alitamani kumshika mabega amtikise, angalau asikie kilichokuwa ndani.

Alipostaafu, Obura aliipata kazi aliyoipenda kuliko ya kiwanda. Alikuwa mzee wa kanisa, na kila Jumapili alitangulia kufika ili kupanga mabenchi. Yalikuwa mabenchi mazito ya mbao, ya kubebwa na watu wawili. Yeye alibeba peke yake, akiimba chini chini, na ole wake kijana aliyejaribu kumsaidia.

Kisha kaka yake, Oduor, akafa. Aliamka vizuri, akawa anapiga mswaki nje ya nyumba yake huko Naivasha, akaanguka. Moyo, walisema. Baada ya mazishi Obura alikubali kwenda kupimwa. Daktari Kipkemoi, kijana aliyekuwa na kliniki karibu na soko, alimwambia kolesteroli yake iko juu sana, na kwamba kwa mtu ambaye kaka yake ameenda hivyo, si jambo la kungoja. Akamwandikia dawa ya kumeza kila jioni.

"Ukisikia misuli inauma bila sababu, urudi uniambie," daktari alisema.

"Sawa, daktari," Obura akajibu.

Anyango hakuwa na ubishi na dawa hiyo. Alikuwa amemwona Oduor kwenye jeneza, na hakutaka kumwona wa pili. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwekea mumewe kidonge na glasi ya maji baada ya chakula.

Mambo yalianza kwa ngazi. Mlangoni pao kulikuwa na vipandio vichache tu vya simiti, na Obura akaanza kuvipanda akishika ukuta. Halafu ikawa kuinuka kwenye kiti: anasukuma kwa mikono miwili, anangoja, anasukuma tena. Anyango alimwona anajikanda mapaja akidhani hakuna anayemtazama.

"Baba Lynn, miguu inakuuma?"

"Aah, ni uzee."

"Uzee huja kwa mwezi mmoja?"

Alitabasamu tu, lile tabasamu lake la kufunga maneno.

Jumapili moja Anyango alifika kanisani mapema kuliko kawaida, akamkuta amekaa sakafuni katikati ya ukumbi. Benchi moja lilikuwa limelala kifudifudi mbele yake. Hakuwa ameumia. Lilikuwa limemshinda tu. Walipoingia watu wa kwaya, Mwaura, aliyekuwa kiongozi wao, akalinyanyua benchi na kuliweka mahali pake. Obura akamshukuru kwa sauti ya furaha. Jumapili iliyofuata hakutangulia kwenda. Alisema amechelewa kuamka, ingawa Anyango alijua alikuwa macho tangu alfajiri, ameketi kitandani, ameshavaa shati.

Ndipo Anyango alipoanza kuuliza watu. Jirani mmoja akamwambia atupe dawa zote za hospitali, ampe mzee kitunguu saumu na maji moto. Lynn, aliyekuwa akifanya kazi huko Ndabibi, akampigia simu akasisitiza asithubutu: "Mum, ukimwachisha halafu afanye kama Uncle Oduor, utajisamehe?" Anyango hakutaka kutupa wala kuachisha. Alitaka mtu aliyesoma amtazame mumewe miguu, kisha amjibu swali moja: je, ni dawa hii?

Siku ya kurudi kliniki, Obura alimwambia amngoje nje kama kawaida. Safari hii Anyango aliingia naye na kuketi.

"Mzee, dawa inaendaje? Kuna shida yoyote?" daktari aliuliza.

"Hakuna shida, daktari."

"Iko," Anyango akasema. "Daktari, huyu hawezi kupanda ngazi. Hawezi kuinua benchi. Kabla ya dawa alikuwa anabeba peke yake. Nataka kujua kama ni hii dawa."

Daktari Kipkemoi aliweka kalamu chini, akamgeukia mgonjwa wake. "Ni kweli, mzee? Kwa sababu dawa hizi zinaweza kuleta hiyo. Si kwa wengi, lakini inatokea. Tunaweza kupunguza, au kubadilisha. Unaumwa wapi?"

Anyango alimtazama mumewe. Akaona uso wake unabadilika kwa aibu, kama mtu aliyevuliwa nguo mbele ya wageni. Nje ya mlango foleni ilikuwa inakohoa, na watoto wakilia.

"Nililima shamba kidogo juzi," Obura alisema. Hawakuwa na shamba. "Miguu ikakaza. Mama huyu ana wasiwasi tu, tangu kaka yangu aende." Akacheka. "Niko sawa kabisa."

"Tupime damu tuone misuli? Ni haraka."

"Usijisumbue, daktari. Una watu wengi."

Daktari alisita. Anyango alikumbuka kusita kule baadaye, tena na tena. Kisha daktari akachukua kalamu, akaandika dawa ileile.

Walitembea mpaka wakafika kwenye reli.

"Umenifanya mwongo mbele ya daktari," Anyango alisema.

"Watu walikuwa wanangoja, Mama Lynn."

"Na wewe? Wewe si mtu?"

Anyango alisimama kumngojea, kwa sababu mumewe alikuwa amebaki nyuma. Hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi, kwamba hata katika kugombana ilibidi amngojee. Alimpa mkono wake, naye akaushika, wakavuka.

Baada ya hapo Obura akaanza kuumwa na tumbo. Vidonda vya tumbo alikuwa navyo tangu enzi za zamu za usiku kiwandani. Siku Anyango alipokuwa amepeleka sweta kwa wateja, Obura alienda mwenyewe kwenye zahanati nyingine ya karibu. Wakampima, wakampa dawa za kuua bakteria wa tumboni. Waliuliza kama anatumia dawa nyingine yoyote. Akasema hapana. Alimweleza Anyango jioni ile, akijisikia vizuri kwamba hakumsumbua mtu kumsindikiza. Alidhani, alisema, wanauliza kuhusu dawa nyingine za tumbo.

Anyango alikuwa amechoka kubishana. Aliona tu pakiti mbili mezani badala ya moja.

Asubuhi moja kabla wiki haijaisha alimsikia akimwita kutoka chooni. Obura hakuwa mtu wa kuita. Alimkuta ameshika ukuta, hawezi kusimama wala kukaa, na mkojo wake ulikuwa wa rangi ya chai isiyo na maziwa.

"Imekuwa hivi tangu lini?"

"Juzi," akasema. "Nilidhani ni dawa ya tumbo. Usinikasirikie."

Hakumkasirikia. Alimvalisha, kwa sababu mikono yake haikuweza kufunga vifungo, akamwita Mwaura aje na gari.

Katika hospitali kubwa waliyompeleka, daktari wa zamu alikuwa mwanamke aitwaye Jepkorir. Aliuliza habari za dawa. Anyango akafungua mkoba, akaweka pakiti zote mbili kitandani. Daktari Jepkorir alizisoma, kisha akavuta kiti akaketi karibu na Anyango. Alimweleza polepole. Dawa ya kolesteroli ni dawa nzuri, imewaokoa wengi. Kwa watu wachache huumiza misuli, na misuli ya Obura ilikuwa tayari imeanza kuumia. Hii ya tumbo ikaizuia ile ya kwanza isitoke mwilini, ikajaa kwenye damu. Misuli ikavunjikavunjika, na uchafu wake ukaziba figo.

"Kwa hiyo ilikuwa ni dawa," Anyango alisema.

"Ndiyo, mama."

Miezi yote hiyo alikuwa ametaka mtu aseme hivyo. Sasa neno hilo lilipofika, halikuwa na faida yoyote.

Walimsafisha damu kwa mashine. Lynn akaja kutoka Ndabibi. Kuna siku Obura alionekana kupata nafuu, akaomba uji, akauliza kama Mwaura amelipiwa mafuta ya gari. Kisha akaanza kuvimba, na pumzi ikawa fupi. Kila muuguzi alipopita na kuuliza, "Mzee, unasikia maumivu?" alijibu kwa heshima, "Niko sawa, sista."

Mchana mmoja, muuguzi alipokuwa ameshageuka kwenda, Anyango aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wa mumewe.

"Baba Lynn. Mimi si daktari. Mimi si mkubwa wako wa kazi. Niambie mimi ukweli, mara moja tu katika maisha yetu."

Obura alimtazama. Midomo yake ilikuwa imekauka. Machozi yakamtoka pembeni ya macho yakaingia masikioni, na hakuwa na nguvu za kuyapangusa.

"Inauma, Mama Lynn," alisema. "Inauma sana. Imeuma tangu mwanzo."

Anyango alimfuta, akaita kwa sauti iliyowashtua wagonjwa wote wa wodi: "Sista! Mume wangu anaumwa! Amesema anaumwa!" Muuguzi akarudi mbio, wakamchoma sindano ya maumivu, na Obura akalala ameshika kidole cha mkewe. Hakuamka vizuri tena. Alikufa kesho yake, Lynn akiwa upande mmoja na Anyango upande wa pili.

Mwili ukiwa bado mochari, Anyango alikwenda kliniki karibu na soko. Alikuwa amepanga maneno yake njia nzima, mengine ya matusi. Daktari Kipkemoi alikuwa ameshapata habari. Alipomwona mlangoni alisimama, akawaomba waliokuwa ndani watoke.

"Nilikuambia," Anyango alisema.

"Uliniambia, mama."

"Kwa nini ulimwamini yeye ukaniacha mimi?"

Kijana yule angeweza kusema mengi: kwamba aliuliza, kwamba alitaka kupima, kwamba ile dawa ya tumbo ilitoka kwingine. Hakusema hata moja.

"Alikuwa anatabasamu," alisema mwishowe. "Na mimi nilikuwa na watu wengi nje. Ningepima tu."

Anyango aliyatafuta yale matusi, hakuyaona. Alimwona tu kijana ambaye angeweza kuwa mtoto wake, amesimama katikati ya chumba chake mikono ikining'inia. Akamwambia mazishi ni Jumamosi, nyumbani kwao Obura kule Siaya. Hakujua kwa nini alimwambia.

Siku ya mazishi watu walikuwa wengi. Waliokuwa wafanyakazi wenzake walisema Obura hakuwahi kulalamika. Mchungaji akasema katika miaka yote ya utumishi hakumsikia akinung'unika hata siku moja. Mwaura naye akasema hivyohivyo, na watu wakaitikia. Kila sifa ilimwingia Anyango kama sindano. Walipompa nafasi ya kusema, alisimama akishikwa na Lynn.

"Yote mliyosema ni kweli," alisema. "Nimeishi na mtu mwema. Lakini nilitamani alalamike. Ningemvumilia. Ningemsikiliza kutwa nzima."

Akataka kuendelea, akaketi. Akina mama wakaanza wimbo ili kumfunika.

Alirudi Nakuru shule zikikaribia kufunguliwa, na sweta zilikuwa hazijafumwa. Lynn alimsihi ahamie Ndabibi. Alisema atafikiria. Asubuhi aliketi kwenye mashine, akafuma mkono mmoja wa sweta ya kijani, akaona ameukosea kipimo. Akaufumua, nyuzi zikarundikana miguuni pake, akainamisha kichwa juu ya mashine akalia kwa sauti, mchana kweupe, bila kujali ni jirani yupi anamsikia.