Kiti Kilichokaliwa

Nishawahi kuponea chupuchupu kufukuzwa kazi kwa kosa la kukaa kwenye kiti.

Si kiti cha bosi. Kiti cha mbao cha kawaida tu, nilichokipiga msasa kwa mikono yangu mwenyewe.

Na kazi yenyewe? Karakana ya kutengeneza viti.

Cheka tu. Siku ile mimi sikucheka.

Mwaka huo nilikuwa nimeshafukuzwa sehemu mbili, kote kwa sababu ya mdomo. Mke wangu ana mimba ya miezi saba. Asubuhi ya kwanza alinifunga kifungo cha shati akasema, "Baba Kijacho, nakuomba. Mwezi mmoja tu wa majaribio. Ukiona jambo la ajabu, meza mate."

Nikameza mate wiki nzima.

Jumatatu ya pili, uzalendo ukanishinda.

Saa ya chakula, mafundi wote walikuwa wanakula wamesimama, sahani mkononi, katikati ya viti vipya kama ishirini! Mmoja kaegemea ukuta. Mwingine kachuchumaa kama anayevizia panya.

"Jamani, mbona hatukai?"

Vijiko vikasimama hewani.

Fundi mkuu, tuliyemwita Randa kwa jinsi alivyokukwangua kwa maneno mpaka ukabaki laini, akanitazama kwa huruma.

"Kijana, fundi akikikalia kiti kabla ya mnunuzi, kiti hicho hakinunuliwi."

"Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. Ndivyo ilivyo."

Wahenga walisema ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba jicho. Mimi nilifumbua yote mawili, na mdomo juu yake. Isitoshe mgongo ulikuwa unawaka moto. Nikavuta kiti cha karibu, nikakaa, nikaendelea kula.

Dada wa Sponji, anayeshona mito ya makochi, alipiga yowe kana kwamba nimekalia mtoto.

Tajiri wetu, mama mwenye karakana, akatoka ofisini. Randa akamsimulia kwa sauti ya msibani. Mama akakizunguka kile kiti mara mbili.

"Kisipopata mnunuzi mpaka Jumamosi saa sita mchana," akaniambia, "utakibeba uende nacho. Na usirudi."

Jumanne akaja baba mmoja. Kiti kikamteka. Akakipapasa mgongo, akatabasamu. Dada wa Sponji akamsogelea sikioni.

"Shemeji, hicho kimekaliwa."

Yule baba akarudisha mkono kama aliyegusa pasi. Hakuuliza kimekaliwa na nani. Mtaa mzima ulijua maana yake.

Jumatano ikawa hivyohivyo. Alhamisi watu walikuja kukitazama tu, kama wanaoangalia ajali.

"Umeona?" Randa akanicheka. "Si nilikwambia hakinunuliwi?"

"Fundi, hakinunuliwi kwa sababu mnawaambia wasinunue!"

"Tunawaambia kwa sababu hakinunuliwi."

Kubishana na yule mzee ilikuwa kama kutafuta kona kwenye pipa.

Nyumbani sikusema kitu. Mke wangu alikuwa anakunja vinguo vya mtoto.

"Kazini salama?"

"Salama kabisa."

"Unameza mate?"

"Mpaka nimeshiba."

Usiku huo... hapana, nisikudanganye, nililala fofofo. Wazo lilinijia Ijumaa mchana, msasa mkononi. Kichaa akiwa mmoja hufungwa kamba. Wakiwa wote, huo unaitwa utaratibu.

Jumamosi alfajiri nilimkuta mlinzi bado anahangaika na kufuli. Nikaingia, nikaanza kukaa. Nilikalia viti vya mezani, vya mikono, makochi. Hata kistuli cha mtoto nilikikalia, kikanibana, nusura kiondoke nami.

Wenzangu walipoingia, nilikuwa nimetulia kwenye kochi la mwisho, mguu juu ya mguu.

"Umekalia kipi tena?" Randa akauliza.

"Uliza nisichokikalia, fundi."

Tajiri alishika kichwa. Alipofungua kinywa anitimue, mwalimu mmoja mstaafu akabisha hodi. Anataka kiti cha barazani.

"Hicho kimekaliwa, Mwalimu," akasema Dada wa Sponji, kwa mazoea.

"Na kile?"

"Kimekaliwa."

"Na kile pale?"

"Vyote, Mwalimu." Dada wa watu alikaribia kulia.

Macho yote kwangu. Nilimwona mke wangu na tumbo lake, nikaziona siku zinazokuja. Basi mdomo ulionifukuzisha kazi mara mbili ukafunguka wenyewe.

"Mwalimu, siku hizi hapa hakitoki kiti ambacho fundi hajakikalia. Mpishi asiyeonja chakula chake, wewe utakila?"

Mwalimu akakipapasa kiti cha karibu. Kisha akamgeukia tajiri.

"Kumbe! Na vile mlivyotuuzia zamani, mlikuwa hamvikalii?"

Tajiri alinitazama mimi, akavitazama viti, akaitazama pochi ya Mwalimu. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara.

"Mwalimu, ya zamani tuyaache."

Mwalimu akauliza kipi kilikaliwa kwanza, akachukua kilekile cha Jumatatu. Akasema ndicho bora, maana kimekaliwa muda mrefu kuliko vyote.

Nikaajiriwa, na jioni nikamsimulia mke wangu yote. Msasa wangu uleule, ila kila kiti kipya lazima nikikalie robo saa kabla hakijatoka.

Haikupita miezi miwili, wateja wakaanza kuuliza: "Huyu fundi mkaaji amekikalia hiki?" Dada wa Sponji akageuza mnong'ono wake: "Shemeji, hicho achana nacho, bado hakijakaliwa." Na Randa? Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mteja, "Tangu karakana hii ianze, kiti lazima kikaliwe." Nikamkazia macho nione kama anatania.

Wala. Alikuwa anaamini kabisa.

Ningeishia hapa ningeonekana mjanja sana. Sasa ngoja nikwambie aibu yangu.

Mtoto akazaliwa, binti. Mke wangu akataka kiti kifupi cha kunyonyeshea. Kwetu oda zilikuwa zimerundikana, nikaenda karakana nyingine, upande wa pili wa mji. Muuzaji akakifuta kiti kwa kitambaa.

"Chukua hiki, kaka. Kipya kabisa. Hakuna makalio yaliyokigusa."

Mwili ukanisisimka.

"Hata wewe fundi hujakikalia?"

"Hata mimi! Tena naapa."

Nikamshukuru. Nikarudi nyumbani mikono mitupu.

"Kiti kiko wapi?" akauliza mke wangu.

"Hakikuwa kimekaliwa."

Alinitazama kama anayetazama maziwa yakifurika.

"Si ni uongo wako mwenyewe huo? Ulioutunga huku unatetemeka?"

"Ndiyo."

"Sasa?"

"Sasa, mke wangu... huwezi jua."

Akanikabidhi mtoto, akavaa viatu, akaenda kukinunua mwenyewe. Kikawekwa sebuleni. Siku mbili nzima nilikuwa nakizunguka kwa mbali. Siku ya tatu mama mkwe alikuja, akajitupa juu yake bila kuuliza, akaomba ampakate mjukuu.

Nikashusha pumzi. Nikamletea maji kwa mikono miwili, na adabu ambayo hajawahi kuiona kwangu. Mpaka leo anadhani nimeokoka.

Ndugu yangu, ukilazimika kutunga uongo kuokoa riziki yako, tunga ule unaoweza kuishi nao nyumba moja. Maana watu wote wakishauamini, wa mwisho kuombwa auamini ni wewe. Na utauamini.