Beseni la Kwenda Buffalo

Lile duka kubwa la bei nafuu la kwetu South End, hapa Louisville, nililijua kwa miguu. Shule nilisoma miaka miwili tu, halafu nikapewa jembe, basi donc maandishi yao ya ukutani kwangu yalikuwa mapambo. Lakini hata ungenifunga macho mlangoni ningekufikisha kwenye sabuni ya kufulia: unapita maua ya plastiki, unapita baiskeli za watoto, harufu ya matairi ikikupiga puani unageuka mkono wa kuume, umefika. Bei nilizisoma kwa rangi. Karatasi ya manjano maana yake imeshuka.

Siku moja, majira ya baridi, nikakuta mabango mekundu na manjano yananing'inia darini kutoka mlangoni mpaka mwisho. Nikafikiri wana sherehe. Nikafurahi pamoja nao, nikanunua taulo mbili. Nyumbani binti yangu mkubwa, ambaye naishi kwake, akatazama ule mfuko akasema duka linafungwa, Mama, hata rafu zenyewe wanauza.

Sikuamini. Kesho yake nikapanda basi nikarudi. Kweli, mwanamume mmoja alikuwa anakokota rafu sakafuni, na mwanamke amejaza kigari viango vya nguo visivyo na nguo. Nikakimbilia nyuma kabisa, karibu na makapu ya nguo chafu, mahali pa mabeseni. Palikuwa na alama za mviringo kwenye vumbi. Mabeseni hayakuwapo.

Nikapita rafu zilizobaki moja moja, nikachungulia hata chini yake.

Nieleze. Binti yangu mdogo aliyeolewa Buffalo alikuwa amebakiza miezi miwili ajifungue. Kwetu Kivu, binti akizaa, mama yake ndiye anayekwenda kumkanda na kumwogesha mtoto, na haendi mikono mitupu. Anabeba unga wa uji, anabeba vitenge, anabeba beseni. Beseni ndilo kiti chako katika nyumba ile. Ukiingia na beseni lako hakuna wa kukuuliza umekuja kufanya nini. Ukiingia bila beseni wewe ni mgeni, unapewa chai na kuambiwa pumzika, mama.

Tena liwe pana. Mimi naketi kwenye kigoda, nanyoosha miguu juu ya beseni, namlaza mtoto kwenye mifupa ya miguu yangu, na maji yanaangukia ndani. Wajukuu sita nimewaogesha hivyo, wawili kambini tulipokuwa wakimbizi, wanne hapa Louisville, na hakuna hata mmoja aliyepinda mgongo. Njoo uwaone wanavyotembea kwenda kanisani. Watu wanageuza shingo.

Huyu wa saba alikuwa na bibi mwingine. Mume wa binti yangu ni Mkenya, alikuja kusoma, sasa ana kazi ya ofisi katika kiwanda kimoja huko Tonawanda. Mama yake alikuwa mwalimu maisha yake yote, na alikuwa anakuja kwa ndege na masanduku mawili. Nilimwona kwenye simu. Miwani yake ina mnyororo. Alinisalimia vizuri sana, na huo uzuri wenyewe ndio ulioniogopesha. Nikajiambia, huyu mkwe mwenzangu ataingia na vitabu vyake na karatasi za daktari. Mimi nitaingia na nini?

Bon, tukaanza kutafuta. Nasema tukaanza kwa sababu nina jirani Mrundi, tunaimba naye kwaya ya akina mama, na yeye ana gari. Anaendesha kama mtu anayefukuza kuku, lakini anafika.

Chakula tulipata pa kwenda. Kuna duka moja ambalo vigari vyake vimefungwa kwa mnyororo, na usipotia sarafu kigari hakikuachii. Mara ya kwanza nilikataa, nikasema hawa ni wezi, wanatoza watu kusukuma. Jirani akanionyesha kwamba ukikirudisha, sarafu inatoka. Humo hakuna mifuko, unachukua maboksi matupu na kubeba vitu vyako kama unahama nyumba. Lakini mchele ni mzuri na mafuta ni ya bei ya chini, na mpaka leo ndipo ninaponunua. Mabeseni hawana.

Tukaenda kwenye duka la vitu vya dola moja. Mabeseni yao ni ya kuoshea miguu ya mtu mmoja, tena mwembamba, na ukibonyeza moja linalia. Tukaenda kwenye duka la vitu vilivyotumika. Hapo nikaona beseni zuri la bluu, pana, nikalikumbatia. Nilipolinusa nikasikia mbwa. Nikalirudisha polepole, mwenye duka asije akaona uso wangu.

Karibu na mtaa wa Iroquois kuna duka la mwenzetu anayeuza sombe ya barafu, yale majani ya muhogo, ndagala, yaani dagaa, mawese na vitenge. Yeye alikuwa nayo, mabeseni ya maua kama ya kwetu, yanang'aa. Nikauliza bei, nikacheka, nikafikiri anatania. Hakuwa anatania. Huku Amerika hakuna kitu ghali kama kitu cha kwetu.

Wiki zikaenda. Binti wa Buffalo akipiga simu nilimwambia kila kitu kiko tayari. Huo ulikuwa uongo, na nilikuwa nausema huku nimesimama, maana nikikaa sauti inatetemeka. Siku moja akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba mkwe ameshafika na amesema wanunue kile kibeseni cha kisasa, cheupe, chenye kiti ndani. Nikamjibu vizuri. Nilipokata simu nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Beseni nililipata siku ambayo sikulitafuta. Jirani alitaka jembe kwa ajili ya shamba dogo ambalo wakimbizi tunagawiwa vipande vyake, akanichukua mpaka duka moja nje ya mji, kwenye barabara ya kwenda kusini, wanakouza majembe, mbegu, nyaya za uzio, hata vifaranga hai. Hilo duka lilinikaribisha. Lilinuka pumba. Na pale katikati, yamepangwa moja ndani ya jingine, yalikuwepo mabeseni meusi ya mpira, mapana kuliko kumbatio langu. Nikalipiga moja kwa ngumi, likanyamaza. Nikalikunja, likarudi. Nikaligeuza nikalikalia, na mimi si mwembamba, likanibeba. Karatasi yake ya bei ilikuwa ya manjano.

Ubavuni kulikuwa na lebo yenye picha ya farasi.

Sasa, nisichekwe. Kwetu viberiti vilikuwa na picha ya mnyama, sabuni ilikuwa na picha ya mnyama, na hakuna aliyedhani kwamba twiga anakula njiti. Mnyama ni alama ya kiwanda. Tena hapa Louisville farasi yuko kila mahali, kwenye kofia, kwenye vikombe, kwenye chupa, ukutani mjini. Nilimwona yule farasi nikafurahi, nikasema hii ni mali ya hapa hapa kwetu. Jirani, ambaye naye Kiingereza hasomi, akaligonga, akasema, "Mama, hili litatuzika." Akanunua la kwake la kulowekea maharage.

Lilikuwa na harufu ya tairi. Nikalisugua kwa chumvi na ndimu, nikalianika mlangoni siku tatu, nikalisugua tena. Lebo nikaiacha, hata wakati wa kusugua na kuanika niliifunika kwa kitambaa isiharibike. Kitu kipya kinapelekwa na karatasi yake, watu wajue hukukiokota. Kisha nikatia ndani unga wa mtama, soya, karanga, vitenge vitatu na sombe iliyofungwa kwa magazeti, nikalifunika lote kwa kitenge cha nne na kukaza mafundo.

Simu ilikuja asubuhi ya Jumapili: mvulana, mama yake mzima. Jumatatu nikapanda basi.

Dereva alitaka beseni liende chini na masanduku. Nikalishika. Akasema maneno, nami nikasema yangu, kila mtu kwa lugha yake, mwishowe akanionyesha kiti cha nyuma. Columbus nilikuwa nabadilisha basi, na mwanangu wa kiume anayeishi huko akaja kuningojea na chupa ya chai. Akataka kufungua aone nimebeba nini. Nikampiga kidogo mkononi. Mzigo wa uzazi haufunguliwi njiani.

Tulikuwa na saa nne za kungoja. Akasema lile duka langu la Louisville lina ndugu yake hapa Columbus, bado liko wazi, kama nataka twende. Nilisimama kabla hajamaliza. Nikaona jina lile lile mlangoni, rangi zile zile, nikaingia kwa haraka kama mtu anayerudi kwake. Nikapita maua, nikageuka kuume, nikakuta vyakula vya paka. Kila kitu kilikuwa upande usio wake. Nikasimama pale katikati sijui niende wapi, mpaka mwanangu akanishika kiwiko. Akaniongoza kwenye vitu vya watoto, akanionyesha kile kibeseni cheupe chenye kiti. Akasema ndicho hicho hicho walichonunua wale wa Buffalo, shemeji yake alimtumia picha.

Nikakiinua. Kilikuwa chepesi kama sahani ya kutupwa.

"Miguu yangu itaingia wapi humu?" nikamuuliza.

"Mama," akasema, "huku mtoto hawamwogeshei miguuni."

Hakusema kwa ubaya. Lakini kutoka Columbus mpaka Buffalo sikufumba jicho, beseni kwenye kiti cha pembeni yangu kama abiria aliyelipa.

Buffalo theluji ilikuwa bado imelala barabarani. Mkwe alinifungulia mlango mwenyewe, akanikumbatia, akaniambia karibu, mama, keti upumzike, nikuletee chai. Maneno yale yale niliyoyaogopa, neno kwa neno. Mjukuu wangu nikampokea. Ana paji la uso la baba yangu. Nilisema hivyo kwa sauti ili ijulikane mapema.

Kisha nikaambiwa karatasi ya hospitali inasema mtoto afutwe kwa kitambaa tu mpaka kitovu kidondoke. Hilo sikulipinga, hata kwetu kitovu kinaheshimiwa. Donc tukangoja. Siku sita. Beseni langu limekaa kona ya sebule na mafundo yake, kile cheupe kinang'aa bafuni. Mkwe alisoma karatasi zake, mimi nilisonga bugali na kupika sombe. Tulikuwa na adabu mpaka adabu inauma. Kila asubuhi wote wawili tulichungulia kitovu, na hakuna aliyetaja beseni.

Siku ya saba kikadondoka. Baba mtoto alikuwa kazini, binti yangu chumbani ananyonyesha. Nikaona nikisubiri kuombwa nitasubiri mpaka mtoto aote ndevu. Nikafungua mafundo, nikatoa unga na vitenge, nikalibeba beseni mpaka bafuni pamoja na kigoda cha jikoni, nikaviweka chini. Nikamwambia mkwe, "Mimi ndiye ninayemwogesha. Kwetu ndivyo ilivyo."

Aliinama. Akavaa miwani yake ya mnyororo akasoma lebo, kisha akaisoma tena, na mimi nikasikia damu inapanda masikioni, maana mtu hasomi jina la kiwanda mara mbili. Akasukuma mlango ukafungika.

"Mama, hili ulinunua duka gani?"

"La majembe."

Akashusha sauti. "Imeandikwa ni la kulishia farasi."

Nilikaa juu ya kigoda. Nilifikiria wiki zile zote, ngumi yangu kwenye mpira, ndimu, dereva, saa nne za Columbus. Nilifikiria binti yangu akilisikia hilo mbele ya mama wa mumewe. Nikasema kitu cha kwanza kilichonijia, "Kwetu kiberiti kina twiga."

Mkwe akanitazama juu ya miwani. Mabega yake yakaanza kutikisika, akaziba mdomo kwa kiganja. "Hata kwetu," akasema. "Hata kwetu, mama."

Binti yangu akauliza kutoka chumbani kuna nini huko.

"Tunatafuta sabuni," mkwe akamjibu, kwa sauti ya mwalimu, ile isiyoulizwa mara mbili.

Akafungua maji ya moto. Akamwagia lebo, akaanza kuikwangua kwa kucha, nami nikainama nikakwangua upande wangu. Nikamuuliza kama litamdhuru mtoto. Akafikiri kweli, hakunijibu haraka. Akasema farasi wa watu hawa wanatunzwa kuliko sisi, lakini tutandike kitenge ndani, na maji ya kusuuzia yakae kwenye kile cheupe, kazi zigawanywe. Kisha akauliza, bila kunitazama, hiyo ya miguuni inafanywaje, kwa sababu yeye watoto wake walioga kwa yaya wakati yuko darasani, na sasa magoti yake hayakunjiki.

Nikanyoosha miguu. Akaenda kumchukua mtoto chumbani, akaniwekea yeye mwenyewe, kichwa kwenye vifundo vyangu, akamimina maji kidogo kidogo nilivyomwambia. Binti yangu alikuja kusimama mlangoni, akatazama, akasema Mama, beseni zuri, limetoka wapi? Tukajibu wote wawili kwa pamoja: Louisville.

Niliogesha mwezi mzima. Beseni nililiacha huko.

Niliporudi nyumbani, jirani yangu Mrundi alikuja na sufuria ya maharage ya kunikaribisha, akaanza kulisifu lile beseni lake, jinsi maharage yanavyolainika humo. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nikachukua kijiko. Yalikuwa matamu.