Pampu Hukaa Nyuma

Shida yangu ilianza mwaka 1983, nikiwa na miaka kumi na mitatu. Baba alifariki, nikaacha shule darasa la nne, nikaenda kubeba mizigo mwaloni, pale mitumbwi inapopakua samaki. Kwa hiyo, mwanangu, usitafute hapa maneno ya wasomi. Ninachojua nimekijua kwa mgongo na miguu, na hiki cha leo nilikijua kwa aibu.

Nakumbuka siku moja ya masika, mwaka 1994. Enzi za ruksa hizo, biashara imefunguliwa, maduka ya mjini yamejaa vitu tulivyozoea kuvisikia tu, na mimi nimejinunulia baiskeli. Mpya kweli! Nailoni ya dukani bado iko kwenye bomba la fremu, nami sikuitoa, asije mtu akadhani ni mtumba.

Sisi wa Mkolani tulikuwa na msafara wetu wa baiskeli. Hatukushindana. Mmoja akifiwa au akioa, tulipanda wote, hata iwe safari ya kutwa. Utaratibu wake: mnyonge atangulie, mwendo uwe wake. Mwenye nguvu akae nyuma na pampu, solusheni na viraka, maana msafara mzima ulikuwa na pampu moja. Mzee Luhende, seremala aliyeuanzisha na mwenye pampu hiyo, alikuwa akisema, "Samaki hasukumwi na kichwa. Anasukumwa na mkia."

Safari hiyo aliyefiwa alikuwa yeye. Mama yake alikuwa amefariki kijijini, mbele kidogo ya Sengerema, na maziko yalikuwa saa tisa. Bibi aliacha neno moja: udongo wa kwanza autupe Luhende, mtoto wake wa kwanza.

Tukavuka na kivuko hadi Kamanga, watu saba. Mzee goti lilimsumbua, akakaa kwenye keria ya Shija, kijana mwenye mapaja kama magogo. Wengine walikuwa wazee watupu, miguu yao inakwenda kwa huruma ya Mungu. Pampu nikapewa mimi.

"Kulwa, wewe mkia," Mzee akaniambia.

Mimi! Baiskeli mpya nyuma ya makopo yale, nikila vumbi lao! Nilivumilia vilima viwili. Cha tatu nikapiga kengele, nikawapita.

"Wewe, harusi ni ya nani?" Shija akapiga kelele.

Nikacheka, nikakanyaga. Pampu ilikuwa imefungwa kwenye bomba, inagonga njia nzima. Niliisikia, mwanangu. Nisikudanganye kwamba nilisahau.

Nilifika mapema, shati limeganda jasho. Mdogo wake Mzee akanipokea. "Kaka yuko wapi?"

"Wako hapo nyuma. Kilima kimoja tu."

Sikuwa nimewaona tangu asubuhi. Lakini watu walikuwa wameizunguka baiskeli, wanashika nailoni, wanajaribu kengele, nami niliona utamu. Nikaletewa ugali, nikala. Saa tisa ikapita. Wingu likatanda.

"Kijana," shangazi mmoja akasema, "hicho kilima chako ni Kilimanjaro?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Ningeweza kupanda baiskeli nirudi kuwatafuta. Lakini kurudi kulikuwa kukiri uongo, basi nikarudia, "Wanakuja." Wakanisadiki wakangoja. Mvua ilipoanza kuingia kaburini, hawakungoja tena. Udongo wa kwanza alitupa mdogo mtu.

Walitokea kaburi limeshafunikwa. Mzee Luhende alikuwa anachechemea, ameshika bega la Shija, na Shija anasukuma baiskeli iliyoshindiliwa majani ndani ya tairi. Mwiba mmoja tu, na kiraka kiko kwangu.

Nilitamani anipige. Alikwenda kaburini kwanza, akasimama na mvua yake. Kisha akanijia.

"Nipe pampu, baba."

Nikampa. Akampa Shija azibe tairi, kazi ikaisha kabla hata ugali wa wageni haujapoa. Akanirudishia mwenyewe, akasema taratibu, "Hukuwa na haraka ya mama yangu. Ulikuwa na haraka ya baiskeli yako."

Hakulirudia neno hilo maisha yake yote, na mimi sikuomba msamaha. Mimi niliyejitoa mwaloni kwa mikono hii, ninayejisifu mbele ya kila mtu, nilimwamkia shikamoo yule mzee miaka sita, akaitika marahaba, na neno lenyewe sikulipata. Nilipolipata, msafara ulikuwa unakwenda kumzika yeye. Nilikaa wa mwisho, na pampu. Mwanangu, maiti haisamehe mtu.

Wahenga walisema kutangulia si kufika. Mimi nakuongezea: ukiwa na nguvu, hiyo nguvu si yako peke yako, umebebeshwa ya wenzako. Tazama nyuma kabla hujapiga kengele. Ukikosea, rudi njia ileile ungali na mtu wa kumkuta. Aibu ya kurudi ni ya siku moja. Ya kutorudi ninayo hadi leo, na nimezeeka nayo. Mungu akupe miguu yenye nguvu na shingo inayogeuka, na wale uliotoka nao ufike nao.

Leo nina nyumba Mkolani, vyumba vitatu vya kupangisha mtaa wa Pasiansi, mashine ya kusaga, ng'ombe kumi na mmoja, baiskeli ileile isiyo na nailoni, na pampu ya Mzee Luhende, ambayo hakuna aliyewahi kunidai.