Asmahani na Sanduku la Bluu

Ukitaka kugombana na Asmahani wa Kasulu, huna haja ya kumtukana. Mwambie tu kwamba seva yake ni chakavu, halafu kaa mbali na bisibisi yake.

Seva yenyewe ilikuwa sanduku la bati la bluu, bapa, pana kama sinia la pilau, lenye kidirisha kidogo cha maandishi na vitufe vichache mbele. Skrini halina, kibodi halina. Shirika moja la misaada lililileta Kibondo enzi za kambi za wakimbizi za kule, litunze kurasa zake za mtandao. Kambi zikafungwa, sanduku likahamia Kasulu, na mwaka 2012 ofisi ilipobanwa wakaliombea hifadhi dukani kwa Asmahani, aliyewahi kuwa karani wao. Alikuwa na dishi juu ya paa na betri ya lori ya kusaidia umeme ukikatika, na kukatika ulikatika, hilo halina mjadala. "Utalitazama kidogo," wakamwambia. Kidogo! Wakaondoka, wakasahau.

Waliolitengeneza walikuwa wameshalitupa mkono. Asmahani akajifunza mwenyewe, kwa kuharibu na kutengeneza, na kwa kuandikiana na wazee fulani wa ughaibuni wenye masanduku kama hilo, watu wabishi kama yeye. Kapasita zikivimba alizing'oa, akalehemu nyingine kutoka kwenye redio mbovu. Vumbi jekundu alilifukuza kwa pampu ya baiskeli. Na kulizima kulikuwa na adabu yake: unabonyeza kitufe, unasubiri kidirisha kiseme tayari, ndipo unakata umeme. Mumewe Khamisi, muuza asali ya Kibondo, aliwahi kuchomoa waya wake ili achaji simu. Siku hiyo alijipikia mwenyewe.

"Mimi nafokewa, hilo linabembelezwa," alilalamika.

"Lenyewe halinijibu," akasema Asmahani.

Kurasa za shirika zilikuwa zimeshakufa zote. Uliobaki na watu ni mmoja tu, wa kwaya ya Wakongo wa kambi ya Nyarugusu. Ulikuwa na nyimbo alizorekodi mwalimu wao, Floribert, kabla malaria haijamchukua, na chini yake kitabu cha wageni, ambapo mtu yeyote popote duniani aliweza kuacha neno. Waliohamishiwa Amerika na Kanada waliandika humo huku wakilia. Asmahani, mwanamke wa swala tano, alizijua nyimbo zile zote kwa moyo, na wateja walimtania kwamba iko siku atabatizwa.

"Nibatizwe kwa maji gani?" aliwajibu. "Bomba lenyewe kavu."

Mjane wa Floribert, Louise, alikuja kila alipopata kibali cha kutoka kambini. Aliketi juu ya gunia, akaisikiliza sauti ya mumewe, kisha akamuuliza Asmahani swali lake lilelile: "Mama Zaitun, ameandika?"

Alikuwa akimuulizia mwanawe, Rodrigue. Kijana aliondoka kwenda kutafuta maisha kusini, simu ikapotea, namba zikabadilika, na habari zake zikakatika. Lakini baba yake alikuwa amemkaririsha kitu kimoja, anwani ya ule ukurasa. Ukipotea, andika pale.

"Bado, Mama Rodrigue."

"Ataandika," Louise alisema, akajifunga kitenge chake na kurudi kambini.

Mwaka 2014 mradi wa shirika ukafungwa, na kijana mmoja aitwaye Sylvesta akatumwa kutoka Dar es Salaam kukusanya mali. Vifaa vyote vya zamani vilitakiwa kwenda kupondwa, ndiyo kanuni. Aliingia dukani Louise akiwa palepale kwenye gunia lake.

"Shikamoo mama. Nimefuata lile chakavu."

Haya, neno limeshatoka.

"Chakavu lipi?" Asmahani akamuuliza. "Hili linalofanya kazi, au gari lenu mnalolisukuma?"

Sylvesta akacheka kwa adabu. Akasema yuko tayari kuwanakilia nyimbo zao kwenye flashi. Louise akasimama.

"Nyimbo niko nazo kwa simu! Mtoto yangu anajua ile adresi tu. Mukiifunga, atapiga hodi wapi?"

Hapo ndipo palipouma. Asmahani alikwisha kujaribu kuuhamishia ukurasa kwenye kompyuta mpya. Nyimbo ziliitika vizuri, lakini kitabu cha wageni kilikuwa cha programu ya kale, kikagoma kabisa. Nje ya sanduku lile hakikuandikika.

"Mama zangu, mimi nimetumwa," Sylvesta akasema, akifungua karatasi yake. "Hapa wameandika sanduku moja la bluu, lenye kibandiko hiki. Kesho nalichukua. Likikosekana, nitaripoti kwamba limeibwa."

"Ripoti! Na jina langu uliandike kwa herufi kubwa."

Kijana alipotoka, Asmahani akakaa chini. Aliogopa, tusidanganyane, ana binti yake Zaitun shuleni, na polisi hawaimbiwi kwaya.

"Utafungwa, mke wangu," Khamisi akasema. "Kwa ajili ya bati tu?"

Asmahani akainua kichwa. "Umesemaje?"

"Bati."

Akalitazama sanduku, na kile kibandiko kilichogandishwa juu ya bati. Akaitazama mizinga mipya ya mbao ya Khamisi, iliyopangwa ukutani ikisubiri wafugaji wa Busunzu.

"Nipe mzinga mmoja."

"Ya watu hiyo!"

"Watasubiri."

Akabonyeza kitufe, akangoja kidirisha kiseme tayari, akaanza kufungua skrubu. Khamisi akashika taa ya simu, lakini roho ilikuwa haijamtulia. "Na matumbo nayo si yao?"

"Matumbo yao yalikufa zamani. Diski nimetia mimi. Feni mimi. Kapasita mimi. Chao kilichobaki ni bati, kile kidirisha, na ubao huu mmoja wa saketi."

"Na huo ubao?"

"Huo nitaujibia kiama."

Kesho yake Sylvesta alipofika, sanduku la bluu lilikuwa juu ya kaunta, limepanguswa likang'aa, kibandiko kikionekana vizuri. Louise alikuwa kwenye gunia, kando ya mzinga. Sylvesta akaliinua sanduku kwa mikono miwili, likapaa upesi kuliko alivyotegemea.

"Mbona jepesi?"

"Uzee, mwanangu. Hata wewe utakonda."

Akalitikisa. Skrubu moja ikagongagonga ndani. Ilipotulia, wote wakasikia mvumo kutoka kwenye mzinga.

"Kwani ule una nyuki?"

"Fungua uone," akasema Asmahani, akimkazia macho.

Sylvesta akautazama mzinga. Akaona waya mwembamba uliopita nyuma yake kuelekea kwenye dishi. Akamtazama Louise, ambaye hakumwomba kitu. Alikuwa ameweka kiganja juu ya mbao na hakukiondoa. Kijana akatia sahihi yake na kulibana sanduku kwapani.

"Nyuki siwawezi," akasema. Alipofika mlangoni akageuka. "Lakini wanataka hewa, mama. Watoboleeni na huku mbele, wasije wakafa kwa joto."

Gari lilipoondoka, likisukumwa kama kawaida, Khamisi akaenda kutafuta keekee. Asmahani akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akalia kweli. Louise akamngoja amalize.

Muda wote ule Louise alikuwa akifika kusoma tu, hakuwahi kuacha neno lake mwenyewe. Sasa akalisogeza gunia lake karibu na kompyuta ya dukani.

"Mama Zaitun, kile kitabu kinaandika bado?"

"Kinaandika."

"Basi na mimi uniandikie."

Akasema polepole, na Asmahani akaandika vilevile alivyosikia, bila kumsahihisha hata neno: "Rodrigue, walikuja kutufunga, tulikatala. Mama yako iko hapa hapa. Piga hodi."