Kitenge Kilichokwenda Mwandoya

Zamda hakuzaliwa mwandishi. Alikuwa muuza vitenge wa Bariadi, ana duka na mumewe Hilali kando ya soko, na kama angepewa amani yake angeendelea kuuza vitenge mpaka meno yamtoke. Lakini amani ataitoa wapi mwanamke aliyeamka akakuta kitenge cha kijani chenye maua ya njano hakipo rafuni? Alimuuliza mumewe. Hilali, bila kumtazama, akajibu kwamba kimeuzwa.

Kimeuzwa kwa nani? Duka lenyewe lilikuwa halijafunguliwa.

Hilali alikuwa mtu wa taratibu. Kila nguo aliinusa kabla ya kuikunja, akafumba jicho moja kama mtu anayeonja mchuzi. Akicheka hatoi sauti, mabega tu ndiyo yanayotikisika. Kwa mambo hayo Zamda alimpenda tangu siku alipomtoa kwao Nzega, na kwa mambo hayo hayo alishindwa kumsoma. Mtu anayecheka kwa mabega utajuaje anaficha nini? Na kila baada ya muda huyo anawasha pikipiki, anasema anakwenda mnadani Mwandoya, amebeba chumvi ya mawe na mfuko mweusi uliofungwa fundo. Yeye na Zamda hawakujaliwa mtoto. Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Zamda aliogopa kwamba siku moja ataambiwa ana mke mwenzie, tena mwenye watoto, na yeye atabaki katika nyumba hiyo kama mgeni aliyesahau kuondoka.

Sasa, mjini hapo alikuwapo mwalimu mmoja wa sekondari, Methodius, Mhaya aliyehamishiwa huko. Kila Jumamosi mchana alifundisha watu wazima kutunga hadithi, na akawafungulia kundi la simu ili asiye na muda wa kuandika atume sauti yake. Zamda alivutwa huko na mteja wake, muuguzi Ernestina. Siku ya kwanza kila mmoja aliombwa wazo la sentensi moja. Lake lilitoka kabla hajalizuia: mwanamume ameiba kitenge dukani kwake mwenyewe.

Darasa lilicheka. Methodius hakucheka. Alisema hilo ni wazo zuri, lakini mbegu ya pamba haivaliwi. Ili liwe hadithi lazima lijibu maswali: kitenge kimekwenda kwa nani, mke anataka nini, na asipokipata atapoteza nini?

"Usimwache mke akae tu anawaza, Bi Zamda," alisema. "Mpe miguu. Na huyo mwanamke mwingine mpe uso."

Maskini Methodius, hakujua moto gani anaumwagia mafuta ya taa.

Basi Zamda akampa uso. Hilali akienda msikitini, yeye hujibanza nyuma ya marobota na kuisimulia simu, akijiita "mimi" kama mwalimu alivyomshauri. Mwanamke wa Mwandoya akaota mwanya. Kesho yake akapata kicheko. Wiki iliyofuata akapata na mtoto mgongoni, na mtoto huyo, eti, akinusa nguo ya mama yake anafumba jicho moja. Zamda alizima simu. Alikuwa amemtunga mtoto mwenyewe, kwa mdomo wake, na sasa anamchukia kabisa. Hadithi ilizidi kunenepa, yeye akazidi kukonda. Mchuzi aliutia chumvi mara mbili. Hilali akamuuliza ana nini, akajibu ni malaria, na tangu hapo Hilali naye akaanza kumwangalia kwa pembe ya jicho. Penye moshi hapakosi moto, wanasema, na nyumba hiyo sasa ilikuwa na moshi pande mbili.

Kisha Methodius akasema mke wa kwenye hadithi ni malaika mno. Naye apate kishawishi chake. Zamda akamtungia: mke anakwenda darasa la kisomo, na mwalimu wa kisomo ana sauti laini. Kipande hicho alikirekodi masikio yakimwaka moto, akakituma kundini, akaifunika simu kwa kitambaa kana kwamba ina macho.

Kilichokataa kuja ni mwisho. Utamaliziaje jambo usilolijua? Siku ya mnada wa Mwandoya, Zamda akajipa miguu mwenyewe. Alimuaga mumewe kwamba anakwenda Binza, Maswa, kumjulia hali shangazi, kisha akapanda gari la Mwandoya.

Mnadani aliuliza habari za mwanamke mwenye kitenge cha kijani cha maua ya njano. Huko nguo mpya haijifichi. Alielekezwa kwa mzee Ndalahwa, kaya yenye zizi kubwa la miiba. Akaingia, maneno ameyapanga tangu Bariadi.

Aliyetoka amevaa kitenge alikuwa bibi wa makamo ya mama yake, hana mwanya, hana mtoto mgongoni, mikono inanuka maziwa. Jina lake Kija. "Mwadila," alimsalimu, kwa salamu yao ya mchana. Zamda, aibu yake hiyo, hakuitikia.

"Hicho kitenge umekipata wapi?"

Bibi alimtazama mgeni juu mpaka chini, akamwita mumewe. Zamda alipojitaja kuwa ni mke wa Hilali, Ndalahwa wala hakuuliza zaidi. Akamwongoza mpaka zizini, akamwonyesha ng'ombe, hawa wekundu na yule mwenye paji jeupe. Ni wa Hilali. Alieleza taratibu kwamba Usukumani mtu huwaweka ng'ombe wake kwa rafiki aliye mbali, ili ukame, ugonjwa au ndugu wasimmalize siku moja. Rafiki anachunga na kunywa maziwa. Mke wa rafiki, kwa kuwa ndiye anayekamua, hutunzwa kitenge. Na ndugu wa Hilali huko Mwanhuzi, kila kijana wao akitaka kuoa, humjia kaka yao mikono mitupu.

"Ng'ombe wa rafiki hawatajwi, shemeji," alisema Ndalahwa. "Hata kitandani. Hawa ni wako, siku Hilali akitangulia na ndugu zake wakaja kukufungia duka."

Zamda alikwenda kumtafuta mke mwenza, akakuta uzee wake mwenyewe unacheua. Alilia hapo hapo. Kija akampa maziwa, akamcheka kidogo.

Alirudi Bariadi jioni, moyo mweupe, ameshapanga namna ya kuomba radhi. Hilali alikuwa amekaa juu ya robota, hajawasha taa.

"Binza hawajambo?"

Kumbe mchana Ernestina alipita dukani na, kwa kumsifu shoga yake, akamfungulia Hilali sauti ya kundini. Akasikia mkewe akisema, "Mwalimu alikuwa na sauti laini, nami nikatamani somo lisiishe." Mteja akaingia, Ernestina akaondoka na simu yake. Hilali akapiga Binza. Shangazi hakuwa amemwona mtu.

Zamda alieleza yote, Mwandoya, Kija, zizi. Hilali akasikiliza, akaitikia kwa kichwa.

"Sawa. Na mwalimu?"

"Ile ni hadithi tu, mume wangu."

"Na kitenge kiliuzwa tu."

Hakuna aliyekula usiku ule. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Zamda alilala macho akijua kwamba shaka aliyokuwa akiilisha wiki zote hizo sasa imehamia upande wa pili wa kitanda.

Jumamosi Hilali alifunga duka, jambo ambalo Bariadi haikulizoea, akamfuata mkewe darasani. Alikaa dawati la nyuma, mikono kifuani, akimkodolea Methodius kama mtu aliyemkuta mbuzi kwenye mahindi yake. Zamda aliomba hadithi yake isikilizwe yote, mwanzo hadi pale ilipofika. Hakuwa na utetezi mwingine.

Sauti yake ikajaza chumba. Ikafika kwa mwalimu na somo lisiloisha, na Hilali akainuka nusu. Sauti ikaendelea: "Nilisahau mtandio wangu juu ya dawati. Akauokota. Akaunusa kabla ya kuukunja, akafumba jicho moja."

Methodius akaisimamisha simu.

"Hapa umeteleza, Bi Zamda. Mwalimu gani ananusa nguo? Huyu umemchukua muuza nguo ukampa chaki."

Darasa zima lilicheka. Zamda alijifunika uso, kwa maana hata yeye hakuwa ameliona. Alitafuta mwanamume wa kumtamani, dunia nzima, akampata yule yule mmoja.

"Mwache hivyo hivyo, mwalimu," ikasema sauti ya nyuma. "Usimsahihishe."

Zamda akageuka. Hilali alikuwa ameinama, anatazama dawati, na mabega yake yanatikisika.