Siku Mama Alipotuambia Tunyamaze

Harufu ya godoro la sufi lililolowa haifanani na harufu nyengine yoyote. Juzi nilipita kwa jirani aliyeanika lake juani baada ya mvua, nikasimama palepale njiani. Nikawa tena mtoto wa miaka tisa, nimekaa juu ya kabati la nguo nyumbani kwetu Ng'ambo, bondeni kidogo nyuma ya mtaa wa Amani, nimempakata mdogo wangu Daudi.

Ilikuwa masika, na wiki ile nilijiona mtu mkubwa. Mwalimu wa shule ya Jumapili alikuwa amenichagua niseme aya mbele ya kanisa zima. Ni ile ya Kutoka: Waisraeli wako baina ya bahari na jeshi la Farao, na Musa anawaambia kuwa Mungu mwenyewe atawapigania, wao wanyamaze tu. Niliisema nikiosha vyombo, nikaisema nikisukwa nywele. Maana yake nilidhani naijua barabara: Mungu akifanya kazi, watoto wasipige kelele. Ilinifaa sana kumkomesha Daudi.

Asubuhi moja, baba hajarudi kutoka kwenye kazi yake ya ulinzi wa usiku huko Tunguu, tuliamka maji yamejaa chumbani. Mama alipoukimbilia mlango, ukuta wa ua ulianguka kwa nje na kuubana. Madirisha yetu yote yalikuwa na nondo, kwa kuwaogopa wezi. Simu ilikuwa imeshazama. Mama alitupandisha juu ya kabati, yeye akabaki amesimama chini, maji yamemfika kiunoni, na magodoro yetu yakielea huku yakimgonga ubavuni.

Tulilia kwa sauti zetu zote.

"Nyamazeni," alisema mama.

"Mama, tutakufa?"

"Neema, nyamaza. Nnasikiliza."

Uso wake ulikuwa umetulia kiasi cha kunitisha kuliko yale maji. Nilimziba Daudi mdomo kwa kiganja. Mvua ilinguruma juu ya mabati. Halafu, kwa mbali, kama sauti itokayo ndani ya mtungi, tukasikia:

"Mama Neema! Mpo?"

Alikuwa Bi Mwanaidi, jirani yetu muuza mikate ya kumimina, mwanamke ambaye akimgombeza mjukuu wake mtaa mzima hutubu.

"Naam!" mama aliitika kwa nguvu ambayo sijapata kuisikia tena. "Naam, Bi Mwanaidi! Tupo!" Akalidaka sufuria lililokuwa likielea, akaanza kuligonga kwenye nondo za dirisha. Aligonga mpaka likabonyea.

"Wapo hai!" Bi Mwanaidi alipiga ukelele. "Nyie, leteni mtaimbo!"

Wanaume waliotoka kuswali alfajiri walikuja mbio, wakazing'oa nondo. Bi Mwanaidi alisimama chini ya dirisha, maji kifuani, buibui limemganda mwilini, akampokea Daudi, kisha mimi. Mama alitoka wa mwisho. Tulikuwa hatujafika kwenye baraza ya Bi Mwanaidi tuliposikia kishindo: ukuta wa chumba chetu, upande ule wa kabati, ulikuwa umekwenda na maji.

Bi Mwanaidi alinifunika kanga mbili na kunikumbatia.

"Usitetemeke, mwanangu. Sema chochote, moyo utulie."

Nilichokuwa nacho ni aya yangu tu, nikaisema, nikamweleza kuwa nimechaguliwa kuisema kanisani.

"Hiyo si ya Nabii Musa?" alisema. "Hata siye tunayo habari yake. Utaisoma lini huko kwenu?"

"Jumapili."

"Ntakuja."

Akaja kweli. Alikaa benchi la nyuma kabisa, kavaa buibui lake la sikukuu. Niliisema aya bila kukosea. Mchungaji, kwa kunifurahia, akaniuliza maana yake. Yale niliyokuwa nikimwambia Daudi yalinitoka kichwani.

"Maana yake," nilisema, "Bi Mwanaidi alituita, na sisi tukamsikia."

Kanisa zima lilicheka. Mama hakucheka. Alikaa kanyoosha mgongo, machozi yakimtiririka, kama malkia.

Kwa miaka mingi niliona haya kwa jibu lile. Mpaka ukubwani, siku niliyotakiwa kuwafundisha watoto aya hiyohiyo, ndipo nikasoma mbele kidogo. Mara tu baada ya maneno ya kunyamaza, Mungu anamuuliza Musa kwa nini anamlilia, anamwambia awaamuru watu waendelee na safari. Kumbe kimya kile hakikuwa cha kukunja mikono. Kilikuwa kimya cha mama yangu ndani ya maji: kuinyamazisha hofu ili usikie unapoitwa, kisha uitike na kugonga kwa nguvu zako zote.

Watu huniuliza kama nimewahi kuona muujiza kwa macho yangu. Huwajibu kuwa nimeuona, na huwatajia kwa fahari majina ya wanawake wawili.