Siku Tatu za Gome la Umuko

Nilipokuwa na miaka tisa, kule kwetu Nzahaha, nilimsukuma mdogo wangu Fabien akaangukia jembe. Alikuwa ameniita kikojozi mbele ya watoto wa jirani, na kibaya zaidi, alikuwa anasema kweli. Jembe lilimpasua unyayo. Nyumbani nilisema amejikwaa. Yeye hakunipinga, kwa kuwa nilikuwa nimemwahidi kumsukuma tena akinitaja.

Bibi yetu, tuliyemwita Koko, alinipeleka kwenye umuko uliokuwa mpakani mwa shamba, mti wa miiba wenye maua mekundu, ambao wazee waliuheshimu kuliko walivyokubali mbele ya padri. Gome lake huchemshwa, na kidonda huoshwa kwa maji yake asubuhi na jioni. Kabla ya kukata, aliniangalia.

"Weye njo utamuosha, miye niko naenda ku shamba. Uko na maneno na ndugu yako?"

"Hapana, Koko."

"Huu muti haukubali mukono ya muntu mwenye anaficha kitu ku roho. Mugonjwa anazidi."

"Hakuna kitu, Koko."

Akakata.

Nilimwosha siku tatu. Ya tatu ilipoisha, mguu ulikuwa umevimba hadi kwenye kifundo, unawaka moto, na Fabien hataki hata uji. Sikuwa na shaka: mti umenijua, na ndugu yangu atakufa kwa uongo wangu. Asubuhi ya nne nilimfuata Koko jikoni.

"Ni miye nilimusukuma."

Hakunipiga. "Miye sina kidonda. Enda umwambie yeye."

Nikaenda, nikamwambia. Fabien, na homa yake yote, akafungua jicho moja. "Kikojozi."

Koko alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akaushika mkono wangu na kuukandamiza, na kitambaa cha maji moto ndani yake, juu ya kidonda. Usaha ukatoka, Fabien akapiga kelele, nami nikakiona kwa mara ya kwanza kitu nilichokuwa naosha. Siku zote tatu nilikuwa nimegeuza uso, napitisha kitambaa pembeni, dawa inaishia kwenye mkeka.

Mchana huohuo Papa, baba yetu, alirudi kutoka mjini Kamembe, akauona mguu, akambeba Fabien hadi kituo cha afya, ambako mtoto alidungwa sindano. Wiki ya pili alikuwa anarukaruka.

"Sindano," alisema Papa.

"Ni mudomo ya huyu mutoto njo ilimuponyesha," alisema Koko. Walibishana hivyo miaka mingi, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa ujinga wake.

Leo kazi yangu ni kupima dawa za miti maabarani. Umuko nimeupima: gome limekaushwa, limesagwa, limelowekwa kwenye maji na kwenye pombe kali, kisha likawekwa kwenye sahani zilizooteshwa vijidudu vya usaha. Vinakufa, si vyote. Duara linalobaki tupu kuzunguka dawa ni dogo, la dawa ya hospitali ni pana zaidi. Papa angefurahi.

Wenzangu wanaipenda hadithi ya mti unaomtambua mwongo, na wangependa niwasimulie wageni wanapotutembelea. Nakataa. Mti haukujua chochote. Mimi ndiye niliyejua, na mtu anayejua hivyo hawezi kukitazama kidonda. Nadhani Koko alilielewa hilo kabla yangu. Sikumwuliza alipokuwa hai, nilikuwa chuoni nikijifunza kumwona mshamba.

Fabien sasa ana watoto, na bado ananiita lile jina mbele yao. Juzi aliniuliza, kwa dhati safari hii, kama gome lile lilimsaidia. Nilimjibu kama ninavyojibu kazini: sijui. Kulikuwa na siku tatu tu ambazo gome lilikuwa peke yake, bila sindano, na siku hizo niliziharibu mimi.